Kushirikiana kwenye kazi za ubunifu: mwongozo kwa studio ndogo

Studio ya watu wawili hadi sita haiwezi kuwa na kila fundi ndani ya nyumba. Leo mteja anataka kitabu chenye michoro ya mkono, kesho tovuti, keshokutwa vifungashio vyenye picha. Hapo ndipo mnamwita mchoraji, mpiga picha, mwandishi, mtengeneza tovuti au studio nyingine. Kazi nyingi za namna hii huanza kwa simu moja na maneno "tutaelewana tu", na nyingi zinazoharibika huharibikia papo hapo. Mara chache tatizo huwa ni tabia ya mtu. Kila upande ulikuwa na picha yake kichwani kuhusu nani anaamua, kazi inaishia wapi, faili zitapita vipi na pesa itaingia lini, na picha hizo hazikuwahi kuwekwa mezani pamoja. Mambo hayo manne yaandikeni kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa.

Kabla ya kumpigia mtu simu

Kwanza amueni huu ni ushirikiano wa aina gani. Kuna ule ambao mteja ni wenu na mwenzenu anafanya sehemu ya kazi chini yenu. Akichelewa, mteja atawadai ninyi, si yeye. Kuna wa studio mbili zilizo sawa mbele ya mteja mmoja. Na kuna wa kumpelekea mwenzako mteja kisha ukajitoa. Shida kubwa hutokea pale upande mmoja unapodhani ni aina ya pili huku mwingine akiendesha mambo kama ya kwanza: mmoja anamwandikia mteja moja kwa moja, mwingine anaona ameingiliwa. Taja aina ya ushirikiano kwa maneno kwenye baruapepe ya kwanza kabisa.

Pigeni pia hesabu ya muda wenu. Mtu wa nje anahitaji kuelekezwa, kujibiwa maswali, kukaguliwa. Tunashauri mtenge saa moja ya kwenu kwa kila saa tano za kwake, na kama ni mara ya kwanza kufanya naye kazi, saa moja kwa kila tatu au nne. Studio zinazosahau saa hizi hujikuta zinafanya usimamizi usiku na kumlaumu mwenzao kwa uchovu ambao hakuuleta.

Kama hamjawahi kufanya kazi pamoja, anzeni na jaribio dogo la nusu siku hadi siku mbili, na mlilipie. Uzuri wa kazi zake mmeshauona kwenye mkusanyo wake wa kazi za nyuma, kwa hiyo sicho mnachokipima. Angalieni anauliza maswali gani kabla ya kuanza, faili yake inafunguka ikiwa safi au imejaa tabaka zisizo na majina, anafanya nini akipewa maoni magumu, na kama alileta siku aliyosema. Jaribio la bure halifundishi lolote kati ya haya, maana wenye kazi nyingi hulikataa na anayelikubali halichukulii kama kazi.

Mkiwauliza waliowahi kushirikiana naye, msiulize "ni mzuri?" Kila mtu atajibu ndiyo. Ulizeni: "Tarehe ilipokuwa karibu kumpita, alikuambia siku ngapi kabla?"

Brifu: ukurasa mmoja wenye vipimo

Brifu ni maelezo mafupi ya kazi mnayompa fundi. Iliyo nzuri inaeleza tatizo, inataja vipimo, kisha inamwachia fundi nafasi ya kufikiri. Tazama mstari huu, ambao huandikwa mara nyingi sana:

"Tunahitaji michoro kadhaa ya kupendeza, ya kisasa, kwa ajili ya kitabu cha watoto."

Hakuna kitu ndani yake kinachoweza kupewa bei, wala kinachoweza kukamilika. Uandikeni hivi:

"Michoro 12 ya ndani, kila mmoja ukijaza kurasa mbili zinazotazamana, mm 420 kwa 210, pamoja na ziada ya mm 3 ya kukatia pande zote za nje. Mchoro 1 wa jalada. Uso wa mhusika usikae ndani ya mm 10 kutoka kwenye mkunjo wa katikati. Wasomaji ni watoto wa miaka 5 hadi 7 wanaosomewa na mtu mzima. Rasimu za penseli kwanza, rangi baadaye. Hakuna michoro ya matangazo, hakuna picha mwendo, hakuna uandishi wa herufi kwa mkono."

Zile milimita 10 za katikati si urembo. Kitabu kilichounganishwa kwa gundi hakifunguki kikalala bapa. Sehemu ya mkunjo humezwa, na uso uliochorwa pale utakatika katikati ya pua. Mchoraji aliyezoea kazi za skrini hawezi kulijua hilo asipoambiwa, na akilijua baada ya kupaka rangi, mmepoteza siku kadhaa.

Sentensi ya mwisho, ile ya "hakuna", ndiyo husahaulika zaidi. Mtu akishafika nusu ya kazi, ombi dogo la "tupatie na kipande kimoja cha tangazo" huonekana kama jambo la kirafiki. Likiandikwa kuwa liko nje ya mawanda, yaani mipaka ya kazi mliyokubaliana, wote mnajua kwamba ni kazi mpya yenye bei mpya, na anayeomba haoni aibu kuuliza ni kiasi gani.

Makubaliano, hasa kuhusu hakimiliki

Kurasa mbili zinatosha. Ziwe na majina ya pande zote, mawanda kama yalivyo kwenye brifu, tarehe, idadi ya awamu za marekebisho, malipo, siri za mteja, nani anazungumza na mteja, na nini kitatokea kazi ikivunjika. Haya hayana ugumu. Linalohitaji umakini ni hakimiliki.

Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, ambao nchi nyingi duniani zimejiunga nao, kazi ya ubunifu inalindwa tangu inapotengenezwa, bila kusajiliwa popote. Na katika nchi nyingi, kumlipa fundi wa kujitegemea hakuhamishi hakimiliki. Panahitajika maandishi yenye sahihi yake. Sasa fikirini studio iliyomwahidi mteja, kwa mkataba, umiliki kamili wa kila kitu, huku ikiwa na risiti tu kutoka kwa mchoraji. Imeahidi kutoa kitu isichonacho. Kwa hiyo mkataba wenu na mteja na makubaliano yenu na mwenzenu visomwe vikiwa vimewekwa sambamba, kifungu kwa kifungu, na visigongane.

Njia ni mbili. Ama hakimiliki inahamishwa, ama mwenye kazi anatoa leseni. Leseni inahitaji kusema mambo manne: itatumika kwenye nini, katika maeneo gani, kwa muda gani, na kama mwingine anaweza kupewa leseni hiyo hiyo. Mchoro wa jalada mara nyingi unatosheka na leseni. Nembo karibu kila mara inahitaji uhamisho, kwa sababu mteja atataka kuisajili kama alama ya biashara. Vyovyote iwavyo, andikeni kwamba haki zinapita siku malipo ya mwisho yanapoingia, na kwamba rasimu zilizokataliwa zinabaki mali ya aliyezichora.

Kuna pia haki za kimaadili. Ibara ya 6bis ya Mkataba wa Berne inampa muumbaji haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyeifanya kazi na ya kupinga kuharibiwa kwake kwa namna inayomvunjia heshima, hata baada ya kuuza haki za kiuchumi. Kwa hiyo elezeni mapema mabadiliko mtakayohitaji: kukata pembeni kwa ajili ya vipimo vingine, kuweka maandishi juu, kugeuza kuwa rangi moja. Mtu aliyekubali mapema hataumia akiona kazi yake kwenye bango imekatwa nusu. Na jina lake litaonekana wapi, kwa maneno gani? Andikeni mstari kamili wa sifa, herufi kwa herufi.

Vitu vya watu wengine vina sheria zake. Leseni ya fonti ya kutumia kwenye kompyuta kwa kawaida haijumuishi tovuti wala programu ya simu, na leseni nyingi za kibiashara haziruhusu kumtumia mwenzako faili ya fonti hata kama mnafanya kazi moja. Kila upande unanunua yake. Fonti zilizo chini ya SIL Open Font License zinaweza kugawiwa na kutumika kibiashara bila malipo, ila haziuzwi peke yake. Mwombe kila mshirika aorodheshe fonti, picha za kununua na vitu vilivyotengenezwa kwa akili bandia alivyoviweka ndani ya kazi. Orodha hiyo ianze siku ya kwanza, kwa sababu siku ya mwisho hakuna anayekumbuka picha ile ya nyasi ilitoka wapi.

Nani anaamua

Kila kazi ina nafasi tatu zinazohitaji majina: mwamuzi wa ubunifu, mwenye ratiba, na msemaji mbele ya mteja. Mtu mmoja anaweza kushika mbili. Nafasi moja haiwezi kushikwa na watu wawili. Wengine wote wana haki ya kutoa maoni, na wanastahili kusikilizwa, lakini maoni si uamuzi, na hili lisemwe waziwazi kwenye kikao cha kufungua kazi ili asiyesikilizwa siku moja asidhani amedharauliwa.

Studio mbili zilizo sawa zigawane maeneo, zisigawane kila kitu nusu kwa nusu. Moja ishike utambulisho wa chapa, nyingine ishike tovuti, na kila moja iwe na neno la mwisho kwenye eneo lake. Palipo na mpaka, kama vile rangi za chapa zikisomeka vibaya kwenye skrini, tafuteni kipimo kilicho nje yenu. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, kwa mfano, katika kiwango cha AA unataka tofauti ya mwanga ya angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Mjadala wa ladha unaweza kula wiki nzima, lakini namba hiyo inapimwa kwa dakika moja.

Upande wa mteja nao uwe na mtu mmoja mwenye sahihi. Akitokea mkubwa wake akamwandikia mchoraji wenu moja kwa moja, mchoraji awe na jibu tayari: "Asante, nimelipokea. Nalipeleka kwa msimamizi wa kazi, atakujibu leo." Mpeni sentensi hiyo kabla hajaihitaji, kwa kuwa mtu wa nje akibanwa na mteja husema ndiyo.

Pesa

Tuseme malipo yote ya mteja ni 100, na sehemu ya mchoraji ni 35. Mteja analipa kwa mafungu matatu: 40 kabla ya kuanza, 30 rasimu zikikubaliwa, 30 kazi ikikabidhiwa. Mchoraji analipwa asilimia 30 ya sehemu yake mwanzoni, 40 katikati, 30 mwisho, yaani 10.5, kisha 14, kisha 10.5.

Kianzio kikiingia na mkishampa mchoraji 10.5 zake, mnabaki na 29.5. Anazodai bado ni 24.5. Mkizitenga hizo kwenye akaunti isiyoguswa, basi hata mteja akichelewa miezi mitatu, mchoraji analipwa kwa wakati. Hapa ndipo tunaposimama kwa nguvu: kifungu cha "tutakulipa tukilipwa" kinambebesha mtu mdogo kuliko wote hatari ya mteja ambaye hakumchagua, hakumkagua na hana namna ya kumdai. Andikeni badala yake "siku 14 baada ya kazi kukubaliwa", na mpange kianzio cha mteja kiwe kikubwa kiasi cha kuwezesha ahadi hiyo. Kama mteja hatoi kianzio kinachofika pale, ama ombeni zaidi ama mpunguze sehemu ya kazi inayotoka nje.

Kazi ikivunjwa na mteja, mwenzenu asibaki na hasara. Ngazi inayofanya kazi vizuri ni asilimia 25 ya ada yake ikivunjwa kabla rasimu hazijaletwa, 50 baada ya rasimu, na yote baada ya kazi kamili kukabidhiwa. Mkataba wenu na mteja uwe na ngazi isiyopungua hiyo.

Ada ya usimamizi mnayoongeza juu ya bei ya mwenzenu, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 20, isifichwe. Siku moja ataiona ankara ya mteja, na kilichokuwa malipo halali ya saa zenu kitaonekana kama wizi. Mwambieni: tunaongeza kiasi hiki kwa ajili ya mikutano, ukaguzi na kubeba lawama. Vilevile semeni nani anabeba makato ya benki ya kutuma pesa, ni sarafu gani, na kama sheria inawataka mkate kodi ya zuio. Mtu aliyetarajia 10.5 akapokea 9.8 bila maelezo huanza kuhesabu mambo mengine pia.

Kwa studio mbili zilizo sawa, mgawo wa nusu kwa nusu huonekana wa haki siku ya kwanza, kisha saa zinaanza kutofautiana. Orodhesheni hatua za kazi, kila hatua ipewe asilimia yake, na kila asilimia iende kwa anayeifanya. Kubalianeni pia kwamba saa za upande mmoja zikizidi makadirio kwa asilimia 20, mnakaa na kupanga upya hapo hapo, kazi ikiwa bado inaendelea.

Faili

Ugomvi wa faili huonekana kama jambo dogo hadi siku ya kupeleka kiwandani. Kwenye folda ya kazi wekeni folda tano: 00_brifu, 01_zilizopokelewa, 02_zinazofanyiwa_kazi, 03_zilizotumwa, 04_za_zamani. Jina la faili liwe na msimbo wa kazi, kitu chenyewe na namba ya toleo yenye tarakimu mbili, kwa mfano KTB_jalada_r03. Neno "mwisho" lisitumike kwenye jina lolote. Kila kazi ina "mwisho" nne, na anayetoka likizoni atachagua isiyo sahihi. Kilichoingia 03 hakiguswi tena. Badiliko lolote ni toleo jipya.

Kwa kazi ya kuchapwa, mwombeni mchapaji profaili ya rangi ya ICC ya karatasi husika, yaani faili inayoeleza rangi zitakavyotoka kwenye karatasi hiyo, kabla mchoraji hajashika rangi. Rangi za skrini ni pana kuliko za wino. Kijani kinachong'aa, bluu kali na rangi ya chungwa hupoa zikigeuzwa kuwa CMYK, yaani wino nne za uchapaji. Mchoraji akifanya kazi yote kwenye RGB, yaani rangi za skrini, bila kutazama hakikisho la uchapaji (mwonekano wa skrini unaoiga karatasi), atakuja kuona kazi yake imefifia na ataamini mmeiharibu ninyi. Akiwasha hakikisho hilo tangu mwanzo, atachagua rangi zinazofika salama kwenye karatasi.

Picha ziwe na pikseli 300 kwa inchi katika ukubwa zitakaochapwa. Picha hiyo hiyo ikikuzwa mara mbili inabaki na 150, na ukungu unaanza kuonekana. Maandishi madogo meusi yawe wino mweusi peke yake kwa asilimia 100. Yakijengwa kwa wino nne, karatasi ikisogea kidogo tu mashinani herufi zinapata kivuli cha rangi pembeni. Anayetuma faili ya mpangilio aifungashe pamoja na picha zake zote, la sivyo mpokeaji anafungua masanduku yenye picha za ubora wa chini tu. Fonti ikikosekana, programu inaweka nyingine, mistari inaruka, na kichwa cha habari kinadondokea ukurasa wa pili.

Dawa ya haya yote ni faili ya majaribio. Wiki ya kwanza, tengenezeni ukurasa mmoja wa uongo wenye mchoro mmoja, fonti zote na kila rangi ya chapa. Upitisheni njia nzima: kutoka kwa mchoraji, kwenu, kuwa PDF/X-4 (aina ya PDF iliyotengenezwa kwa ajili ya uchapaji) au kiwango anachotaka mchapaji, hadi kwake. Kila kitakachokwama kitakwama kwenye ukurasa usio na thamani.

Kwa tovuti mambo ni machache zaidi ila yana makali. Mpeni mtengeneza tovuti upana angalau tatu wa skrini, mathalani pikseli 360, 768 na 1440. Chora pia hali ambazo wabunifu wengi huziruka: ukurasa ukiwa hauna kitu, fomu ikiwa na kosa, orodha ikiwa inapakia, jina la mtu likiwa na herufi 40. Msipozichora, atazibuni mwenyewe usiku wa kuamkia uzinduzi.

Nakala rudufu: tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Aulizwe kila mshirika anaziweka wapi.

Maoni

Awamu moja ya marekebisho maana yake ni orodha moja, kutoka kwa mtu mmoja, iliyotumwa mara moja. Bila maana hiyo, "awamu mbili" zinakuwa ujumbe 37 kwa siku tisa. Mwamuzi wa ubunifu anakusanya maoni ya wote ndani ya saa 48, anaondoa yanayopingana, anayapa namba, kisha anatuma. Kumtumia mchoraji maoni mawili yanayogombana ili achague mwenyewe ni kumwachia ugomvi ulio wenu.

Kila hoja iwekwe alama: lazima, pendekezo, au swali. Kisha ielezwe kwa kinachoonekana, si kwa hisia tupu. "Haina mvuto, iongezee nguvu" haimpi mtu pa kushika. Linganisha na hii:

"3. Lazima. Kurasa 6–7: jicho linakwenda kwenye mti kabla ya msichana, kwa sababu mti una nyekundu kali kuliko vitu vyote. Msichana aonekane kwanza. Msiguse: anga na miguu ya mbuzi, vimekaa vizuri sana."

Hoja hiyo imetaja mahali, imetaja sababu, imesema matokeo yanayotakiwa, na haikumwambia mchoraji afanyeje. Anaweza kupunguza rangi ya mti, kumsogeza msichana, au kuleta wazo la tatu ambalo ninyi hamkuliona. Kwa hilo ndilo mlimwita. Msichore juu ya kazi yake kumwonyesha "tulichomaanisha" isipokuwa ameomba. Lile neno "msiguse" nalo lina kazi. Mtu anayerekebisha bila kujua kipi kinapendwa hubadilisha hata vilivyokuwa sawa.

Gawanyeni awamu kulingana na gharama ya kubadilisha. Mbili kwenye penseli, moja kwenye rangi. Kumhamisha mtu kutoka kushoto kwenda kulia kwenye penseli ni dakika 20. Baada ya rangi, vivuli na mwanga vyote vinafuata, na ni siku nzima au mbili. Kwa hiyo mteja aweke sahihi kwenye rasimu za penseli, na aambiwe kabla ya kusaini kwamba mpangilio ukibadilishwa baada ya hapo ni kazi ya kulipiwa.

Ratiba

Kikao kimoja cha dakika 30 kwa wiki kinatosha kazi nyingi, kikifuatiwa na baruapepe ya mistari mitano: kilichoamuliwa, na nani, kinachofuata, lini, kinachosubiriwa. Ujumbe wa sauti ni mzuri kwa kueleza jambo lakini haufai kwa maagizo, kwa kuwa hakuna anayeweza kutafuta neno ndani yake wiki tatu baadaye. Mkiwa kwenye majira tofauti, andikeni saa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia.

Acheni nafasi ya asilimia 20 kati ya tarehe ya mwenzenu na ya mteja. Kazi ya wiki tano impe yeye wiki nne. Lakini mwambieni tarehe zote mbili. Tarehe ya uongo hufanya kazi mara moja tu. Akishagundua, kila tarehe mtakayompa ataiongezea wiki kichwani, na siku mtakayokuwa na haraka ya kweli hatawaamini.

Mambo yakianza kwenda mrama

Dalili ya mapema ni kimya, au neno "karibu namaliza" likirudiwa mara mbili bila faili. Pigeni simu ndani ya saa 24, msitume ujumbe. Ulizeni mambo matatu: nionyeshe ilipofika, hata kama ni mbaya, nini kimekwama, tarehe gani mpya unayoiamini wewe mwenyewe. Mkishaiona kazi ilivyo, amueni kati ya kupunguza mawanda, kuongeza msaidizi, au kubadilisha mtu. Makubaliano yawe yamesema kwamba kazi ambayo haijakamilika, ikilipiwa kwa ngazi iliyofikia, inaweza kumalizwa na mwingine.

Kazi ikija na hamjairidhia, irudisheni kwenye brifu kwanza. Kama haikutimiza brifu, mpeni nafasi moja ya kurekebisha, kwa hoja zenye namba na tarehe. Kama imetimiza brifu lakini hamuipendi, kosa ni la brifu, na marekebisho mnayalipia. Kutenganisha mambo haya mawili ni kugumu mtu akiwa na hasira, kwa hiyo aamue mwenzenu ambaye hakuiandika brifu hiyo.

Mbele ya mteja, lawama ni ya studio. Hakuna kusema "mchoraji wetu alituangusha". Mteja hakumwajiri mchoraji, na maneno hayo humfikia mwenyewe haraka kuliko malipo.

Kufunga

Kukabidhi kuna orodha yake: faili za mwisho, faili za kazi kama zilinunuliwa, orodha ya leseni za fonti na picha, malipo ya mwisho, na tarehe ambayo kila mmoja anaruhusiwa kuionyesha kazi hadharani. Wiki mbili baadaye, hasira na furaha zikiwa zimetulia, kaeni dakika 45 na mshirika wenu. Linganisheni saa zilizokadiriwa na zilizotumika, hatua kwa hatua. Muulizeni ni wapi alisubiri jibu lenu, ni uamuzi upi aliuona umechelewa, na ni nini asingekubali tena. Majibu yaingizwe kwenye kiolezo cha brifu siku hiyo hiyo.

Kama kilichotengenezwa ni kitu cha kushikwa mkononi, kila mshirika apate nakala, angalau mbili au tatu. Idadi hiyo iandikwe kwenye agizo la uchapaji lenyewe na iongezwe juu ya hesabu ya mteja, kwa sababu masanduku yakishapelekwa ghalani kwake, kupata kitabu kimoja kwa ajili ya mchoraji kunaweza kuchukua miezi.